Chapisho lako litadumu muda gani? Mwongozo kamili kwa wanaochapisha mtandaoni Goma

Jioni ya 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Alfajiri ya 27 Mei gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, akatangaza kwamba wakaaji wa kartiye 10 kati ya 18 za Goma waondoke bila kungoja. Kila aliyelituma tangazo lile kwa jamaa na majirani siku ile alifanya jambo jema. Mwanzoni mwa Juni watu wakaanza kuruhusiwa kurudi. Kuanzia hapo maneno yaleyale, bila kubadilika hata herufi moja, yalikuwa hatari. Yakimfikia mama wa Majengo bila tarehe, angeweza kufunga mizigo upya na kushika barabara ya Sake na watoto wake bure.

Tangazo lilikuwa la kweli, ila muda wake ulikuwa umekwisha. Na simu haina namna ya kumwambia msomaji hivyo. Anayeweza kumwambia ni wewe uliyeandika, na lazima umwambie mapema, kabla maneno hayajatoka mkononi mwako.

Nawaandikia wenye maduka, vyama vya akina mama, parokia, redio za mtaa, waalimu, na yeyote anayeendesha ukurasa au kundi hapa mjini. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya namna habari zinavyosafiri. Mtu ananunua mega za siku, yaani kifurushi cha intaneti, anafungua tangazo mara moja, kisha anapiga picha ya skrini au anarekodi sauti na kuwatumia wale wasio na mega. Kufika jioni maneno yako yako kwenye makundi ya Ndosho, Himbi, Bukavu na hata ng'ambo ya mpaka, yametengana na ukurasa wako, jina lako na tarehe yako. WhatsApp itamwonyesha mpokeaji saa aliyoletewa ujumbe yeye. Siku ulipoandikwa haitamwonyesha.

Hatua ya 1: Tafuta kitakacholimaliza

Wengi huanza kwa kuuliza chapisho litadumu siku ngapi. Swali hilo lije baadaye. Kwanza uliza litaisha kwa njia gani, kwa sababu njia ni tatu na kila moja inataka maandalizi yake.

Njia ya kwanza ni saa. Mkutano wa Jumamosi, ratiba ya meli ya Bukavu juma hili, punguzo la bei hadi mwisho wa mwezi: siku ya mwisho unaijua kabla hujaanza kuandika. Haya ndiyo rahisi, na inasikitisha kwamba ndiyo tunayoyaacha bila tarehe kuliko yote. Tunaandika "Jumamosi hii" kana kwamba kuna Jumamosi moja tu duniani.

Njia ya pili ni tukio, na hapa hesabu ya siku haisaidii. Mwongozo wa kusafiri kwa ndege kutoka Goma, au wa kutoa pesa kwenye benki za mjini, ungeweza kuandikwa vizuri mwaka 2024 na kutumika miezi mingi. Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23 walipoingia mjini, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Maandiko yote ya aina hiyo yakaisha kwa siku chache, ya mwezi uliotangulia pamoja na ya miaka mitano nyuma. Katika fungu hili weka pia saa za kufunguliwa kwa Barrière kubwa na Barrière ndogo, vivuko vyetu vya mpaka na Rwanda, karatasi zinazodaiwa mpakani, kodi na ada, namba za simu za ofisi, na majina ya wakuu wake. Vitu hivi vinaweza kukaa mwaka mzima bila kutikisika, kisha vikabadilika usiku mmoja. Kwa hiyo usiviandikie muda. Viandikie tukio: "Maelezo haya yataangaliwa upya mara tu saa za mpaka zikibadilika", na uwe na mtu anayejua kwamba kazi hiyo ni yake.

Njia ya tatu ni anwani. Andiko bado ni la kweli na bado lina faida, lakini ukiligusa halifunguki. Taasisi ya Pew Research Center ilitoa utafiti Mei 2024 ulioonyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka 10 baadaye. Kampuni kubwa nazo hufunga nyumba zao: GeoCities ilizimwa Marekani mwaka 2009, Google+ ikazimwa Aprili 2019 pamoja na yote ambayo watu walikuwa wameyaweka humo.

Chukua daftari. Kila unapotaka kuchapisha, andika neno moja pembeni: saa, tukio, au anwani. Mengine yatakuwa na mawili kwa pamoja. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na hatua zote zinazofuata zinaitegemea.

Hatua ya 2: Tenganisha muda wa kuonekana na muda wa ukweli

Ukisoma hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii.

Kila chapisho lina muda wa aina mbili. Muda wa kuonekana ni kipindi ambacho watu bado wanakutana nalo. Muda wa ukweli ni kipindi ambacho mtu akilifuata hatapotea. Mitandao inaamua muda wa kwanza. Mambo yenyewe yanaamua wa pili. Viwili hivi havilingani karibu kamwe, na kila palipo na pengo kati yake kuna mtu anayeumia au kazi inayopotea.

Chukua kipimo cha maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayehara: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vimesawazishwa. Katika mji ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara, maneno hayo ni ya thamani, na yamekuwa ya kweli kwa miaka mingi. Lakini muuguzi akiyaweka kwenye Status ya WhatsApp, baada ya saa 24 yametoweka. Ukweli wa miaka umepewa siku moja ya kuonekana.

Sasa geuza. Sauti ya kuwaamuru watu waondoke mjini inaweza kuwa na ukweli wa siku kumi, lakini ikishaingia kwenye makundi inazunguka miaka. Hapo kuonekana kumeushinda ukweli.

Mtandao unaweza kuonyesha chapisho kwa muda gani? Status za WhatsApp na hadithi za Instagram na Facebook hukaa saa 24. Kwa machapisho ya kawaida, kampuni ya Bitly, inayofupisha anwani za wavuti, ilipima mwaka 2011 baada ya muda gani kiungo hupata nusu ya watu wote watakaokibofya: saa 2.8 kwenye Twitter, saa 3.2 kwenye Facebook, na saa 7.4 kwa viungo vilivyoanzia YouTube. Yaani mchana haujaisha na nusu ya kazi imekwisha. Takwimu hizo sasa ni za zamani, na mitandao imebadili namna ya kupanga machapisho: programu inakisia utakachopenda, kwa hiyo la juzi linaweza kutokea mbele ya la leo. Hilo limeongeza hatari. Facebook inaweza kumletea mtu siku ya Alhamisi tangazo la mkutano wa Jumatano, likiwa juu kabisa, na picha nzuri.

Video za YouTube na kurasa za wavuti zina maisha mengine, kwa sababu watu huzifikia kwa kutafuta. Mtu wa Katindo anayetafuta namna ya kusafisha kabureta ya pikipiki haulizi video ilipakiwa lini. Google yenyewe hutofautisha maswali yanayotaka habari mpya na yasiyotaka. Mabadiliko iliyotangaza Novemba 2011 kuhusu upya wa habari, kwa maelezo yake yenyewe, yaligusa karibu asilimia 35 ya utafutaji. Kwa maswali mengine mengi, jibu zuri la zamani linaendelea kusimama mahali pake.

Hatua ya 3: Pima muda wa ukweli, aina kwa aina

Bei ndizo huchakaa haraka kuliko watu wanavyodhani. Hapa tunauza kwa franka na kwa dola, na kiwango cha kubadilisha kikisogea bei ya asubuhi si ya jioni. Muuza jibini la Masisi au vitenge asiweke bei ndani ya picha atakayoitumia mwezi mzima. Picha ya bidhaa ibaki safi, bei iandikwe kwenye maneno ya chini, pamoja na sarafu na siku. Picha itadumu. Maneno utayabadilisha.

Matokeo ya mpira, picha za harusi ya jana, salamu za sikukuu: siku moja, mbili, basi. Usijisumbue nazo zaidi.

Maelezo ya taratibu, kama kusajili chama au kuandikisha mtoto shule, yahesabie miezi, na uyatie kwenye fungu la tukio.

Kuna yanayorudi kila mwaka. Shule hufungua mapema Septemba, na kuanzia Agosti wazazi wanauliza maswali yaleyale: sare, ada, vitabu. Makosa yanayofanyika mara nyingi ni kuandika ukurasa mpya kila mwaka na kuacha ule wa zamani ukiendelea kuwepo. Mzazi anatafuta, anapata wa miaka mitatu nyuma, anakwenda na pesa isiyotosha. Weka ukurasa mmoja, anwani yake isiwe na mwaka ndani yake, na kila Julai urekebishe yaliyomo. Mwaka uonekane kwenye kichwa na kwenye mstari wa tarehe, usiwe kwenye anwani.

Halafu kuna maandiko ya miaka, na napenda tuyape nguvu zaidi kuliko tunavyofanya. Mfano bora wa hapa kwetu ni mazuku. Ile hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, isiyo na rangi, hutuama mabondeni na mashimoni, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake. Hukusanyika zaidi usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Wanyama na watoto huathirika kwanza kwa sababu wako karibu na ardhi, na mara nyingi anayeshuka kumwokoa aliyeanguka huanguka naye. Hakuna neno hapo litakalopitwa na wakati mwaka ujao. Andiko moja zuri kuhusu mazuku, lenye picha za namna ya kutambua shimo la hatari, sauti ya Kiswahili kwa wasiosoma, na maelezo ya kwa nini usijenge choo au kulaza mbuzi mahali fulani, litawafaa wanaohamia mji huu kwa miaka mingi. Chama kikiwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu mtandaoni mwaka huu, ningekisihi kifanye la namna hii badala ya machapisho mia ya salamu.

Hata hivyo jihadhari: ndani ya andiko la miaka kunaweza kujificha sentensi ya siku. "Ukiona dalili piga simu namba hii." "Nenda kituo cha tiba kilichoko mahali fulani." Kituo cha kipindupindu kikihama, ukurasa wote wenye kipimo sahihi cha maji ya chumvi na sukari utampeleka mgonjwa kwenye uwanja mtupu.

Hatua ya 4: Weka tarehe ndani ya ujumbe

Tarehe inayowekwa na mtandao chini ya jina lako haitoshi, kwa sababu ujumbe ukitumwa mbele tarehe hiyo inabaki nyuma. Tarehe iwe sehemu ya kitu chenyewe, mahali ambapo mtu hawezi kuikata bila kukata na habari.

Kwenye sauti, itaje kwanza kabla ya salamu ndefu, maana wengi husikiliza sekunde za mwanzo tu. Kwa mfano: "Leo ni Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa 4 asubuhi, Goma. Hii ni sauti ya kamati ya maji ya avenyu yetu. Bomba halitatoa maji hadi kesho Jumatano jioni. Ukiisikia sauti hii baada ya Alhamisi tarehe 11 Septemba, usiitume tena." Sekunde ishirini, na ndani yake mna siku, mahali, anayesema, na mwisho wa ujumbe.

Kwenye picha, iandike juu ya picha yenyewe, karibu na jambo kuu, si pembezoni inapokatwa kirahisi. Kwenye video, itaje mwanzoni na uiache kwenye kona hadi mwisho, kwa sababu watu hukata vipande. Picha ya lava ya 2002 na ya 2021 kwa mtu aliyeko Bukavu zinafanana. Bila mwaka juu yake, ya zamani ikitumwa usiku mwekundu wa leo itatia mji mzima hofu.

Andika mwezi kwa herufi. 5/6 mmoja atasoma tano Juni, mwingine aliyezoea mpangilio wa Kimarekani atasoma sita Mei. Saa nazo zina mtego wao hapa. "Saa mbili" kwa mzee wa Birere ni saa mbili asubuhi, kwa kijana aliyezoea saa za Kifaransa inaweza kuwa saa nane mchana. Andika zote mbili: saa 2 asubuhi, 8h00. Na kama tangazo limetoka Kinshasa, kumbuka kwamba Goma iko saa moja mbele yake. Mkutano wa mtandaoni uliopangwa 14h00 ya Kinshasa kwetu ni 15h00, yaani saa 9 alasiri.

Kwa habari za hatari ongeza jambo la tatu: mahali pa kuhakikisha baadaye. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, hueleza hali kwa rangi nne, kutoka kijani, njano, chungwa hadi nyekundu. Usiandike "tuko kwenye njano". Andika "Tarehe fulani OVG ilitangaza njano, kwa hali ya leo tazama tangazo lake jipya." Sentensi ya kwanza inaweza kuwa uongo kesho. Ya pili haitakuwa uongo kamwe.

Hatua ya 5: Andika sentensi zinazobaki

Jambo hilo la mwisho ni ufundi wa kujifunza, na unafaa katika kila aina ya andiko. Tazama sokwe wa milimani. Ukurasa mmoja unasema, "Sasa wamebaki 880 duniani." Mwaka 2012 ulikuwa sahihi. Hesabu iliyotangazwa 2018 ilikuta 604 katika milima ya Virunga peke yake, na pamoja na wale wa Bwindi nchini Uganda jumla ikapita 1,000. Mwaka huohuo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikawatoa katika daraja la walio hatarini zaidi kutoweka na kuwashusha hatua moja. Ukurasa wenye neno "sasa" umekuwa uongo bila mtu kuugusa. Lakini aliyeandika "hesabu iliyotangazwa 2012 ilitoa 880" bado anasema kweli, na atasema kweli baada ya miaka hamsini. Tarehe imeingia ndani ya sentensi na kuilinda.

Kwa hiyo, kabla ya kuchapisha andiko unalotaka lidumu, pita ukitafuta maneno haya: sasa, leo, kesho, mwaka jana, hivi karibuni, siku hizi, mpya, gavana wetu wa sasa. Kila moja libadilishe kuwa mwaka, mwezi au jina. "Hifadhi ya Virunga ina miaka mia moja" ni sentensi ya mwaka mmoja. "Hifadhi ya Virunga ilianzishwa 1925" ni ya daima.

Kisha tenganisha kinachokaa na kinachopita. Fundi cherehani mwenye ukurasa wa kueleza namna ya kujipima mwili kabla ya kushonewa asiweke humo bei za kushona. Maelezo ya vipimo yawe ukurasa mmoja, bei ziwe ukurasa mwingine mfupi, na wa kwanza uelekeze kwa wa pili. Siku bei zikibadilika atagusa mahali pamoja tu. Hivyohivyo kwa kipimo cha maji ya chumvi na sukari na orodha ya vituo vya tiba: kurasa mbili, au angalau picha mbili.

Hatua ya 6: Chagua mahali panapolingana na muda

Baada ya kazi hiyo, uchaguzi wa mahali ni mwepesi. La siku moja liende kwenye Status. La juma liende kwenye kundi au kwenye ukurasa wa Facebook. La miaka liende mahali panapotafutika: YouTube, au tovuti yako mwenyewe hata kama ni ya kurasa tano. Makundi ya WhatsApp hayatafutwi na Google, na mtu aliyejiunga leo haoni yaliyosemwa jana isipokuwa mtu ayatume tena. Usifanye kundi kuwa ghala.

Andiko la miaka lina haki ya kutajwa tena na tena. Lile la mazuku litangaze upya kila msimu wa mvua, kila mara watu wengi wanapohamia upande wa magharibi, kwa Status na kwa sauti, ukitoa kiungo kilekile. Kinachopita kinatumika kuwaleta watu kwenye kinachokaa.

Redio zetu zinazorusha vipindi moja kwa moja kwenye Facebook zisikilize hili kwa makini. Tangu 19 Februari 2025 video mpya za moja kwa moja za Facebook huhifadhiwa siku 30 tu, kisha hufutwa zenyewe. Mahojiano na mzee anayekumbuka mlipuko wa Januari 1977 yatapotea kama hakuna aliyeyapakua. Chagua siku moja ya juma, wakati wa mega za usiku ambazo ni nafuu, upakue yote. Kama mega hazitoshi, rekodi sauti studioni wakati uleule wa kurusha. Sauti ni nyepesi na kwa mahojiano inatosha.

Hatua ya 7: Kagua kwa kalenda, na ujue la kufanya na lililokwisha

Kwa chama kidogo, saa moja kila mwezi inatosha. Fungua yale yanayosomwa zaidi tu, si yote. Jaribu kila namba ya simu kwa kuipiga kweli. Bofya kila kiungo. Likitokea tukio kubwa kama mpaka kufungwa, volkano kulipuka au sarafu kuporomoka, usingoje mwisho wa mwezi: fungua daftari lako, tafuta yote uliyoyaandikia "tukio", uyapitie siku hiyohiyo.

Ukirekebisha ukurasa, andika juu yake ulichorekebisha na siku. Kubadilisha tarehe peke yake ili ukurasa uonekane mpya ni kumdanganya msomaji, na Google nayo huwashauri wenye tovuti wasifanye hivyo.

Likiwa limeisha kabisa, usikimbilie kulifuta. Mwenye kiungo cha zamani atakuta ukurasa mtupu na hatajua kwamba mambo yamebadilika. Acha anwani, andika juu kwa herufi nzito kwamba maelezo yalikuwa halali hadi siku fulani, uelekeze kwenye jipya. Futa tu kile ambacho kikisomwa kinaweza kumdhuru mtu, kwa mfano picha inayoonyesha mahali wanapoishi watu waliokimbia.

Kwenye WhatsApp kazi ni ngumu zaidi. Ujumbe unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 tu, na nakala zilizokwisha kutumwa na wengine huwezi kuzigusa. Dawa iliyobaki ni kutuma ujumbe wa kutengua, wenye umbo lilelile la ule wa kwanza: kama ulikuwa sauti, tengua kwa sauti ya mtu yuleyule, kama ulikuwa picha, chukua picha ileile uandike juu yake UMEKWISHA, na siku. Watu huutambua ule wa zamani kwa sura yake kabla ya kusoma. Utume kwa haohao uliowatumia mwanzo na uwaombe waupitishe njia ileile. Na ukiletewa ujumbe wenye alama ya kuwa umetumwa mara nyingi, bila tarehe, muulize aliyekutumia ameupata lini na kwa nani kabla ya kuugusa.

Hatua ya 8: Hifadhi yanayostahili kubaki

Kuna machapisho ambayo thamani yake huongezeka yakizeeka. Picha uliyopiga barabara ikiwa imefunikwa na lava ya 17 Januari 2002 leo ni ushahidi. Picha za chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikibeba viazi, za soko la Virunga, za sherehe ya kartiye, zitakuwa ushahidi kesho. Hizi zinataka maelezo manne: siku, mahali, kinachoonekana, na aliyepiga. Bila hayo mjukuu ataona moshi na watu, basi.

Kwa kurasa za wavuti, Internet Archive, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, ina huduma ya Wayback Machine. Unaweka humo anwani ya ukurasa, nao wanatunza nakala yenye siku na saa, bila malipo. Fanya hivyo kwa kila ukurasa wako wa miaka, na pia kwa tangazo la ofisi unalolitegemea kama ushahidi, kwa sababu tangazo hilo linaweza kuondolewa. Kwa picha na video, weka nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, moja kwenye diski ya nje na nyingine mtandaoni. Mji huu umehama kwa haraka zaidi ya mara moja, na watu hubeba watoto kabla ya kompyuta.

La mwisho ni funguo. Kurasa nyingi za vyama vyetu zimekwama kwa sababu aliyezifungua alihama na laini yake ya simu ikakatwa, na Facebook inaendelea kutuma namba za kuthibitisha kwenye laini isiyokuwapo. Weka wasimamizi wawili au watatu kwenye kila ukurasa. Barua pepe ya akaunti iwe ya chama, si ya mtu. Laini inayopokea namba za kuthibitisha itumike hata mara moja kwa mwezi ili isikatwe, na kila kamati mpya inapoingia, makabidhiano ya ukurasa yaandikwe kwenye daftari lilelile la mhazini, yatiwe sahihi pamoja na ya sanduku la pesa.